Kichwa cha Treni cha Mzee Chapata Sauti

DARLENE: Haloo? Nani mwenzangu? Mbona unanong'ona?

RUDY: Mimi, dada. Rudy. Niko chini, kwenye chumba cha treni za mfano za baba. Mzee yuko jikoni, hapa hapa juu ya kichwa changu.

DARLENE: Hata salamu hakuna?

RUDY: Hujambo, za huko Tulsa, na mimi sijambo. Sikiliza, nimekifungua.

DARLENE: Umefungua nini?

RUDY: Kile kichwa cha treni. Ile yake aina ya Alco.

DARLENE: Mungu wangu, Rudy. Mama mwenyewe hakuthubutu kukifuta vumbi.

RUDY: Si wewe uliyenituma! "Tia chipu ya sauti, tia taa, hata kama haoni atasikia." Sasa unanigeuka?

DARLENE: Sijakugeuka. Inafanya kazi?

RUDY: Chipu ya kwanza nimeiunguza.

DARLENE: Umeiu— Ulitenga mota na chesi yake ya chuma?

RUDY: Sikujua kama—

DARLENE: Vichwa vya zamani vile mota imekalia chuma kitupu, umeme unapita kwenye chesi yenyewe! Chipu itapona vipi?

RUDY: Nimeshajua, nimenusa moshi wake! Sasa nimetia utepe chini ya mota, kila waya umepita njia yake. Nimelehemu chipu ya pili. Sina ya tatu.

DARLENE: Taa?

RUDY: Mbele na nyuma. Na rezista za kupunguza umeme nimetia, kabla hujauliza.

DARLENE: Spika umeiweka wapi?

RUDY: Ndani ya tangi la mafuta. Nimechonga kidogo.

DARLENE: Umechonga kichwa cha baba?

RUDY: Kidogo! Usinipigie kelele. Hostetler, yule mnunuzi, yuko njiani na gari lake kubwa, anakuja kubeba vyote. Reli, mabehewa, stesheni, mpaka milima. Mzee ameshakubali. Anasema kipofu hana kazi na treni.

DARLENE: Hajashuka hata mara moja?

RUDY: Tangu majani yaanguke hajagusa ngazi hizi. Anakaa juu tu na redio. Nikimkuta hivyo asubuhi naumia, Darlene. Naumia kweli.

[Simu inakwaruza.]

DARLENE: —sikii! Rudy! Washa hicho kitu!

RUDY: Kikiungua je? Nitamwambia nini?

DARLENE: Washa.

RUDY: Haya. Nimekiweka relini. Moja, mb— Taa! Dada, taa imewaka! Inamulika mpaka stesheni!

DARLENE: Na sauti?

RUDY: Nabonyeza... Hiyo. Unaisikia? Inanguruma! Faili la sauti ulilonitumia zuri, jamani.

DARLENE: Ongeza.

RUDY: Mzee atasikia!

DARLENE: Nimesema ongeza.

[Mngurumo. Kwa mbali, kiti kinaburutwa.]

RUDY: Amesimama. Anagonga sakafu kwa fimbo. Subiri, anafoka kitu.

DARLENE: Anasemaje?

RUDY: Anasema... "Nani amewasha injini ya Chicago ndani ya nyumba yangu?"

[Injini inaendelea kunguruma.]

RUDY: Dada. Hii si sauti ya Alco?

DARLENE: Usizime.

RUDY: Faili umenitumia wewe! Wewe mwenye masikio ya mzee, uliyekuwa unataja injini kwa mlio tu ungali kitandani, eti hii inapita, ile inapita! Mtu katengeneza Alco karakanani maisha yake yote, injini za Chicago, za wapinzani wao, alikuwa hataki hata kuzisikia, leo tumemtilia—

DARLENE: Rudy, ukizima hiyo injini napanda ndege nije nikuzabe makofi.

RUDY: Mlango umefunguliwa. Anashuka. Anashuka peke yake!

DARLENE: Taa ya ngazi inawaka?

RUDY: Inamsaidia nini? Anapapasa ukuta. Baba, ngoja nikushi— Kanipiga kofi la mkononi. Anatukana.

DARLENE: Kwa Kiingereza au Kipolandi cha kwao?

RUDY: Kipolandi.

DARLENE: Basi yuko salama.

[Simu inakwaruza.]

RUDY: —geuza uso pembeni, anakitazama kwa pembe ya jicho, ndiko kumebaki mwanga kidogo. Anasema, "Hiyo taa naiona." Darlene, umesikia? Anaiona ikienda!

DARLENE: Nimesikia.

RUDY: Amekaa kwenye kiti chake. Amekikamata, amekisogeza sikioni. Anauliza mpumbavu gani kaipa Alco yake koo la jirani. Anataka bisibisi ndogo. Unalia?

DARLENE: Mafua. Mpe bisibisi. Halafu tazama barua pepe yako.

RUDY: Ngoja... "Sauti ya Alco, hii ndiyo yenyewe." Umeituma tangu asubuhi? Darlene! Ulijua?

DARLENE: Ile ya kweli angeisikiliza akiwa juu, akalia peke yake, akamfungulia Hostetler mlango. Mimi namjua baba yangu. Hashuki ngazi kwa kitu kilicho sawa.

RUDY: Umenitia roho mkononi, wewe mwanamke.

DARLENE: Nisamehe, mdogo wangu. Ungejua usingeweza kudanganya.

RUDY: Gari limeingia uani. Hostetler huyo, anagonga. Na betri yangu inakufa. Baba, nimwambieje? ... Anasema nimwambie aende zake. Yeye hajawahi kutoa injini mbovu karakanani na haanzi leo. Hakiuzwi kitu humu mpaka sauti hii ipatikane.

[Mlango unagongwa tena.]

RUDY: Niiweke sasa hivi? Hii ya kweli? Ni dakika mo—

DARLENE: Rudy.

RUDY: Eeh?

DARLENE: Hilo faili la pili.

RUDY: Faili gani, dada? Mimi sijaona faili.

DARLENE: Akili imekuja. Haya, nenda kamfukuze mgeni. Na mpikie mzee pierogi, vile visambusa vyake vya kuchemsha, leo atashinda huko ch—

[Simu inakatika.]