Bi Asubuhi na Rafu ya Majibu Hasi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi wa kliniki ya viungo, ambaye sote tunamwita Bi Asubuhi, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina hilo alilipata kwa kuwaita wagonjwa saa moja kamili, kabla vidole vyao vilivyokaza usiku havijalainika. Daktari akiwaona saa nne, alidai, ushahidi umeshaondoka.

Alianzia chumba cha sindano. Alipohamishiwa kwenye viungo, alikuta utaratibu ambao sisi wa maabara tuliuona safi: faili la mgonjwa ambaye kipimo cha damu hakikuonyesha ugonjwa liligongwa muhuri wa HASI na kuwekwa rafu moja na ya waliomaliza matibabu. Aliyatoa yote, akawaita wenyewe mmoja mmoja. Kwa hesabu yake, kati ya kila wagonjwa wanne wa baridi yabisi waliopita kwetu, mmoja damu yake haikuonyesha kitu. Wengine wa rafu ile walikuwa na maradhi ya jamii hiyo yaliyokaa mgongoni, au yaliyoambatana na magamba ya ngozi ambayo hakuna aliyeyaulizia.

Mkuu wa maabara, ndiye mimi ninayeandika, nilipinga kwa barua ya kurasa tatu. Alinijibu kwa upole uliokera: “Kaka, kipimo chako hakijakosea. Kimeulizwa swali moja tu.”

Nilimwonea wivu, na sioni sababu ya kuuficha. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na alikuja kupimwa akilalamikia vidole. Muhuri wa HASI kwenye faili lake niliugonga mwenyewe, nikamwambia aache kudeka. Alikuwa ameshaifunika cherehani yake kwa shuka, amekata tamaa ya kushona tena, alipopata wito wa saa moja. Bi Asubuhi alimpa mkono, akaona anavyoukwepa, akamuuliza vidole hukaza kwa muda gani akiamka. Saa mbili nzima. Mimi, ndugu wa tumbo moja, sikuwahi kuuliza. Daktari alimwanzishia dawa wiki ileile, na baada ya miezi kadhaa shuka liliondolewa. Tangu hapo dada akijisikia vibaya humpigia yeye kwanza. Mimi hupata habari baada ya majirani.

Ameacha wauguzi sita aliowafundisha kuuliza, na rafu ile haipo tena.

Bi Asubuhi, ahsante kwa kazi ambayo mashine zangu hazikuiweza. Tunakutakia pumziko refu na afya tele. Gauni ulilovaa leo, dada amelishona kwa siku mbili. Shati langu, nimeambiwa, lisubiri zamu.