Kumuaga Mkuu Aliyeiita Galaksi Doa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Darubini, ambaye leo unastaafu na tunakuaga kwa heshima zote. Waheshimiwa wenye digrii mbili na kuendelea. Ndugu zangu madereva, walinzi na mafundi, ambao shule tuliiaga mapema: nawasalimu nyote.

Nimeombwa kusema kwa niaba ya mafundi. Mimi ndiye fundi wa baridi hapa, Mjomba Barafu mnayemjua. Nimepoza viwanda vya aiskrimu, nimepoza meli nzima ya samaki, na siku moja nilipoza chumba mpaka nzi akaganda hewani, akabaki ananing'inia. Asiyeamini akamuulize nzi.

Lakini hakuna kilichonitoa jasho kama kamera ya darubini hii. Wageni wetu, iko hivi. Kuna galaksi za mbali zinazozaa nyota kwa fujo, zimejaa vumbi kiasi kwamba mwanga wa nyota hautoki. Ukizipiga picha ya kawaida unaona giza. Ila vumbi lile linapata joto, na joto hilo linatufikia kama mawimbi yasiyotimia hata milimita moja. Kamera ya kuyapokea lazima iwe na baridi ambayo friji lako la nyumbani mbele yake ni jiko. La sivyo inajiona yenyewe tu, kama baadhi ya watu. Sijamtaja mtu.

Sasa tumsifu Mkuu. Kijitabu kilicho mezani penu, ukurasa wa pili, kinasema yeye ndiye "aliyegundua" ile galaksi angavu ambayo makala yake inatumwa kesho kuchapishwa, jina la Mkuu likiwa la kwanza. Je, nani asingefurahi? Siku ya ugunduzi huo mimi nilikuwepo, chini ya meza, nabana bomba la heliamu, gesi inayoipoza kamera.

"Binti, hilo ni doa la kamera. Lifute," alisema Mkuu.

"Nimeisogeza darubini mara kumi na moja, Mkuu," alijibu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa hapa. "Doa la kamera lingebaki palepale kwenye kamera. Hili linabaki palepale angani."

"Umeanza lini kunifundisha kazi?"

"Sikufundishi, Mkuu. Nakuomba uangalie."

Mkuu hakuangalia. Alikuwa anatafuta miwani, nayo ilikuwa kichwani. Kisha akainama, akaniamuru niiache kamera ipate joto siku ileile, ikafanyiwe ukarabati. Ikishapata joto, kuirudisha kwenye baridi ni wiki tatu, na zamu ya mpwa wangu ya kutumia darubini ilibakiza siku sita. Nikasema, "Nimekuelewa, Mkuu." Kuelewa nilielewa. Kuzima mtambo wa baridi sikuzima. Anayetaka kunifukuza anajua karakana yangu ilipo.

Siku sita yule binti alipima, akila mikate mikavu, mpaka akapata umbali: mwanga uliosafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na moja. Ndugu zangu, mwanga umevuka yote hayo, umefika salama, ukaja kukwama kwa mtu mmoja mwenye muhuri.

Juzi nilimkuta mpwa wangu kwenye ngazi. "Mjomba, nakuomba unyamaze," akaniambia. "Barua yangu ya kwenda kuendelea na masomo Mkuu bado hajaisaini." Nikanyamaza siku mbili, ambazo kwangu ni rekodi. Barua imesainiwa leo asubuhi. Nimeiona. Kwa hiyo naongea.

Mkuu, orodha ya majina ya waandishi wa makala inafungwa kesho saa tatu asubuhi, na leo kalamu bado ni yako. Hatukuombi hotuba. Waambie wageni hawa ni nani aliyeiona. Ni jina moja tu, na mwenye nalo amekaa pale karibu na mlango, amejikunyata nyuma ya chupa ya soda.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Kipaza sauti nakuletea mwenyewe hapo ulipo, Mkuu. Usihangaike kusimama. Betri zake ni mpya.