Kondoo wa Sindano Wanahara

Benchi la nje ya duka la Sindano, fundi cherehani, ni mbao mbili juu ya matofali, na kila asubuhi hubeba makalio yaleyale. Asubuhi hiyo fundi hakugusa kahawa yake. Mwanakondoo mmoja alikuwa amekufa, na wengine zizini walikuwa wamelegea kama nguo mbichi, wanahara tu. Dawa ya minyoo alishawanywesha, haikufua dafu.

— Niuzie wote leo, alisema Kisu, muuza nyama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Ufa gani tena?

— Si wanavuja?

Redio, dereva mstaafu asiyekosa habari, akatikisa kichwa.

— Ni umande huo. Ukiingia tumboni, hauna pa kutokea ila mlango wa nyuma.

— Umande! alidakia Kisu. Mbona mbuzi wa jirani wazima?

— Basi ni mnara wa simu. Kondoo ana masikio mapana, anashika mawimbi yote. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo methali ya akiba, bwana.

— Na tumbo si akiba?

Walicheka. Sindano hakucheka. Kondoo wale mkewe aliwakuza kutoka kwa jike mmoja aliyeachiwa na mama yake. Angemwambiaje kwamba wamekwenda buchani? Lakini alikuwa ameanza kupiga hesabu ya bei kichwani.

Ndipo akaja mama mmoja kuchukua koti lake lililoshonwa mfuko. Alikuwa daktari wa mifugo, mgeni mtaani.

— Hamjambo? Nimewasikia. Hivi, wanaohara ni wakubwa au wadogo? Kinyesi kina damu?

Kisu akachungulia kikombe. Redio akakohoa. Zizi lile lilifagiwa na mke wa Sindano. Mume alilijua kwa harufu.

— Ngoja nikamuulize mwenyewe, alisema, akainuka.

Alimkuta mkewe mlangoni.

— Mama watoto, wanaohara ni wakubwa?

— Wadogo peke yao. Na damu ipo. Tangu juzi nakwambia njoo uone, wewe mbio benchini.

Sindano alimeza hilo bila maji. Waliingia zizini pamoja, wakachota kinyesi kibichi, wakakitia kwenye mfuko safi na kumpelekea daktari. Akakitazama kwa hadubini.

— Si minyoo hii. Ni koksidia, vijidudu vidogo mno, jamaa wa vile vinavyoharisha kuku damu. Dawa ya minyoo haiviwezi. Wadogo huvila kwenye kinyesi, sakafu ikiwa na majimaji.

Akawapa dawa yake. Sindano alikomba zizi mpaka udongo mkavu, akafunga duka siku hiyo. Mwanakondoo mmoja zaidi alikufa mikononi mwao. Waliobaki walianza kusimama, kisha kunyonya.

Asubuhi moja mkewe alitoka zizini, akamkuta anamngoja.

— Kinyesi leo kikoje?

— Kikavu. Punje punje, kama kunde.

— Kweli, mke wangu?

Mkewe akacheka mpaka akakaa chini. Tangu waoane, alisema, hajawahi kuulizwa jambo kwa sauti tamu kama hiyo.