Lorna Halvorsen, Aliyetupigia Nyimbo za Theluji Mpaka Aprili

Miaka thelathini na moja kwenye piano ileile, pale chini karibu na ngazi za umeme, na Ijumaa hii, Januari 31, Lorna Halvorsen anaifunika na kustaafu. Duka letu la Brandvold hapa Duluth, mji wetu wa baridi kando ya ziwa, litakuwa kimya kama friji iliyochomolewa. Sisi wa idara ya viatu tumeshaanza kulia, na tunajulikana kwa kucheka.

Lorna alianza kama muuza glavu. Mpiga piano wa Desemba akaugua, bosi akauliza nani anaweza, Lorna akanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Glavu hajazigusa tena. Kuna mwaka alipiga taratibu mpaka Santa, yule Baba Krismasi wetu wa dukani, akasinzia kitini, watoto wako foleni.

Enzi hizo sheria ilikuwa moja: nyimbo zote za theluji, farasi na kengele, ambazo huku watu wanazihesabu za Krismasi, zinafungiwa Krismasi ikiisha. Ukipiga hata nusu kesho yake, wateja wanakukunjia uso kama umewapa mabaki ya bata mzinga. Bosi wetu, Dale Kettner, aliapa atakayevunja sheria atarudi kwenye glavu.

Basi Januari ya mwaka mmoja mteja wetu wa siku nyingi, Arvid Engstrom, akaingia akimsukuma mkewe, Inga, kwenye kiti cha magurudumu. Kila Desemba wawili hao walikuja kusikia wimbo mmoja, ule wa farasi anayevuka ziwa lililoganda kurudi nyumbani. Desemba iliyokuwa imetoka kuisha Inga aliimalizia hospitali, na madaktari walishasema nyingine hataiona. Arvid akaomba wimbo wao. Lorna, Mlutheri asiyekosa ibada, akamwambia kwa huruma kwamba Krismasi imeshapita, haiwezekani.

Inga akamtazama. "Mwanangu, Yesu yuko wapi kwenye huo wimbo? Mle kuna farasi na theluji. Na theluji si hiyo hapo nje, imefika madirishani?"

Lorna akaanza kuuimba polepole, anamtafuta Yesu. Ubeti wa kwanza hayumo. Wa pili hayumo. Hata Krismasi yenyewe haimo. Kufika kwenye kibwagizo, vidole vilishatua kwenye piano. Dale akashuka mbio na sura ya kufukuza mtu, akamkuta Inga anaimba, macho kafumba, Arvid kamshika mkono. Akasimama pale hadi mwisho.

"Rudia toka mwanzo, Lorna," akasema. "Ubeti wa kwanza umenipita."

Inga alituacha Februari. Tangu mwaka ule nyimbo za theluji zinapigwa hapa mpaka barafu ya ziwani ivunjike, na kwetu hiyo ni Aprili. Wengine tumezichoka, ila hatusemi. Arvid huja kila Januari, anakaa, na Lorna anaanza kupiga kabla hajaombwa.

Ijumaa atampigia hapa kwa mara ya mwisho. Tulikuwa tunajiuliza mzee wa watu ataenda wapi baada ya hapo. Kumbe Lorna ameshamwalika kwake: piano iko sebuleni, kahawa ipo, aje Jumamosi.

Asante, Lorna, kwa kutupa joto miaka yote hii. Pumzika, ule vizuri, ulale mpaka jua likuamshe. Na ukijisikia kupiga nyimbo za theluji mwezi wa Julai, wewe piga tu, majirani watazoea kama tulivyozoea sisi.