Mama Bupe, Aliyewafundisha Wanandoa Kusemezana

Nilimwona kwa mara ya kwanza tarehe 9 Agosti 1999, katika hospitali ya misheni ya Tosamaganga, nikitengeneza mabenchi ya wagonjwa. Alikalia moja akasema, "Fundi, hili linayumba." Nikainama kuliranda mguu bila kujibu. Akamwuliza mwenzake, "Huyu fundi ni bubu, au anatuogopa?" Nilikuwa namwogopa.

Marehemu Veneranda Kalinga alizaliwa karibu na misheni hiyo tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Sosthenes Kalinga na Mama Faustina. Alisoma huko huko hadi kidato cha nne. Tulifunga ndoa tarehe 22 Septemba 2001, tukahamia mtaa wa Soweto, Mbeya. Mwaka 2006, akiwa tayari mama wa watoto wawili, alipata stashahada ya ushauri nasaha. Mimi niliishia darasa la saba, na hakuwahi kunikumbusha.

Kuanzia mwaka 2007 alikuwa mshauri wa wanandoa na vijana katika chumba alichopanga Mbalizi. Watu walitegemea kukuta mafaili, wakakuta ungo wa maharage. Mume na mke aliwaketisha upande mmoja wachambue. Alisema mtu wa huku kwetu ukimtazama usoni anaficha neno, lakini mikono ikiwa na kazi mdomo unalegea. Kijana mmoja alimwambia, "Mama, mimi sina neno. Mwulize huyu mwenye simu." Akamjibu, "Basi chambua." Ungo haujaisha, kijana analia, na mkewe ameiweka simu chini.

Hakukubali kwamba ndoa za siku hizi zimeharibika. Alisema vijana wanajua kuandikiana, ila hakuna aliyewafundisha kuketi pamoja. Wazee nao hakuwaacha: "Simu imekuwa mkwe? Ikiita tu, mnaacha chakula mnainuka." Nyumba nyingi za Mbeya zimesimama kwa kazi yake. Hilo nalisema bila wasiwasi, maana wenye nyumba hizo wamejaa hapa leo.

Januari 2025 alianza kuumwa. Majibu ya saratani ya ini nilipewa mimi. Pamoja na kaka yangu Timotheo tulikubaliana kumficha, kama tulivyozoea kuwaficha wagonjwa wetu. Nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Nilidhani namhurumia, kumbe kwa wiki tatu nilimwacha augue peke yake ndani ya nyumba yetu. Siku moja akaja kuketi kando yangu na ungo. "Baba Bupe, chambua." Nikachambua, nikamwambia yote. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja mume wangu arudi." Tangu hapo tuliongea kila jambo, hata mahali pa kumzika. Alipachagua mwenyewe, akamkosoa na Timotheo kwa kupendekeza penye mteremko.

Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa tisa alasiri. Ameacha mume, mimi Jailos. Watoto wawili, Bupe na Ipyana. Mama yake mzazi, Faustina. Na ndugu wanne. Bwana amlaze mahali pasipo na maumivu, apumzike huko kwa amani.

Mchana wa siku hiyo watoto walikuwa bado njiani kutoka Iringa. Alinishika mkono, akasema, "Wakifika, waambie wewe mwenyewe. Wakilia, usiwanyamazishe."