Sista Chepkosgei na Sentimita Tatu za Nywele

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2008, Sista Rodah Chepkosgei, muuguzi, atavua koti lake jeupe katika kliniki yetu ya watoto hapa Nakuru, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alipoingia mwaka wa 1977 kliniki ilikuwa na vyumba viwili, na babake daktari wetu Jaydeep, aliyeianzisha, ndiye aliyekuwa akifagia veranda. Mimi, karani wa faili, nimeombwa kuandika haya kwa kuwa hakuna aliyekaripiwa na Sista mara nyingi kuliko mimi. Ni kweli, na mara nyingi nilistahili.

Sifa yake kubwa ni kupima watoto kimo. Viatu vua, soksi vua, visigino ukutani, macho mbele. Kila Jumatatu humpima kwanza Nicodemus, askari wetu wa lango, kwa sababu mtu mzima harefuki: Nicodemus akiongezeka, ujue ubao wa kupimia una kasoro. Mwaka wa 1996 Nicodemus alirefuka nusu sentimita kwa wikendi moja. Yeye alishangilia, Sista akaita fundi.

Lakini nataka kusimulia habari ya Mitchelle. Februari mwaka jana alikuwa na miaka tisa na kimo cha mtoto wa miaka sita. Daktari Jaydeep aligundua kwamba tezi yake ya ukuaji, ile iliyo chini ya ubongo, ni nzima ila imezubaa. Akamwanzishia sindano za peptidi, ambazo hazimpi mtoto homoni ya ukuaji bali huuchochea mwili wake utoe ya kwake. Sista alimweleza mama yake, Akoth, muuzaji wa viatu vya mitumba, kwa maneno machache: "Hii dawa ni ya kubisha hodi tu. Mwenye nyumba yuko ndani, amelala."

Dawa ilitoka bure kwa madaktari wa ng'ambo, kwa sharti moja. Mtoto asipoongeza sentimita mbili kwa miezi sita, dawa yake ingepewa mtoto mwingine.

Agosti ilipofika, Akoth alimleta binti yake amependeza, nywele zimesukwa kwa uzi na kusimama wima. Ubao ukasoma sentimita nne zaidi. Daktari alikuwa ameshika kalamu akitabasamu. Sista akabonyeza utosi wa mtoto, akaguna, akamkalisha kwenye stuli na kuanza kufumua uzi mmoja mmoja. Foleni ilifika langoni. Alipompima tena, nyongeza ilikuwa sentimita moja.

Akoth alilia. "Sista, si ungeniachia tu hiyo? Sasa watakata dawa ya mtoto!"

"Mama Mitchelle, nywele si mfupa," Sista alijibu. "Hebu nionyeshe vile wewe hutengeneza hiyo dawa."

Akoth akatia maji kwenye kichupa cha unga, akakitikisa kwa nguvu mpaka kikajaa povu. Sista alipomuuliza sababu, alishangaa. "Si dawa zote ni ku-shake kwanza?"

Za kikohozi, ndiyo. Peptidi ukiitikisa hivyo inaharibika. Na aliyemfundisha Akoth kudunga sindano, bila kumtajia jambo hilo, alikuwa Sista mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwaandikia wale madaktari barua: mtoto hajakua, kosa si la mama wala la dawa, ni langu, naomba mtoto asiadhibiwe. Daktari alimsihi asitie jina lake, kwa kuwa barua kama hiyo ingeweza kumponza muuguzi aliyebakisha mwaka mmoja astaafu. Alitia jina, sahihi na nambari ya leseni. Mimi ndiye niliyeipeleka posta, na nakiri nilitamani ipotee njiani.

Jibu lilichukua wiki tatu. Wakampa Mitchelle miezi sita mingine.

Akoth akajifunza kuviringisha kichupa taratibu kati ya viganja. Januari, mambo ya mji huu baada ya uchaguzi, watu wakifukuzwa makwao, tunayajua sote. Kwa wiki mbili dawa ilikaa kwenye friji ya Sista nyumbani kwake, na Akoth na mtoto wakalala chumbani mwake. Haya niliambiwa na Akoth. Sista hajawahi kuyataja.

Mwisho wa Februari Mitchelle alisimama ubaoni, nywele zimenyolewa. Sista alimpima mara tatu, kisha akaniita nisome mimi, maana macho yake yalikuwa yamelowa. Sentimita nne na nusu zaidi.

Sista wetu, asante kwa kutufundisha kuandika kinachosomeka ubaoni. Nenda Molo ukapumzike kwa afya na amani, ulime viazi vyako bila kuvipima. Wiki jana Akoth alikuja kukutafuta ukiwa umetoka, akaacha malalamiko nikufikishie: sketi ya shule aliyoinunua Mei imeshakuwa fupi.