Funguo Tatu za Bi Kunigunda Ndimbo

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Kunigunda Ndimbo, Karani wa Daftari na Msimamizi wa Uchaguzi wa Ushirika wetu wa Mlima na Ziwa, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara mbili tu: mara moja kwa msiba, na mara nyingine kwa daraja lililosombwa na mvua. Jalada lake lina barua ishirini na tatu za pongezi na barua moja ya onyo. Kwa sababu ya barua hiyo moja, picha yake haitatundikwa ukumbini, maana kwa desturi yetu ukuta ule ni wa wastaafu wenye jalada safi. Meneja amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa, alisema, hakuna mfanyakazi aliyebishana naye kuliko mimi. Ni kweli kabisa, na barua hiyo nitaifikia.

Alizaliwa Kingerikiti mwaka 1965, mtoto wa tano wa mkulima wa kahawa. Aliajiriwa Machi 1992 kama mpiga chapa. Mwezi wa pili tu akaombwa ashike daftari la wanachama kwa wiki mbili, mwenye kazi akimuuguza mkewe. Wiki mbili hizo ndizo zinazokwisha leo.

Wageni wetu wajue kwamba Ushirika huu una wanachama elfu moja na mia tisa. Wako wakulima wa kahawa na mahindi wa milimani Mbinga, na wako wavuvi na wakulima wa muhogo wa pwani ya Ziwa Nyasa. Kila baada ya miaka mitatu tunachagua mwenyekiti. Watu wa mlimani husema wa ziwani wana kelele. Wa ziwani husema wa mlimani wanaficha hata salamu. Katikati yao alisimama Bi Kunigunda na sanduku la mbao.

Sanduku hilo lilikuwa na kufuli tatu, na funguo aliwapa watu watatu wasiosalimiana. Alisema marafiki hukubaliana upesi mno. Basi kila uchaguzi ukikaribia, alizunguka matawi yote akiuliza waziwazi nani kagombana na nani, na watu walimjibu bila haya, wengine kwa fahari. Pale Ngumbo, ziwani, kulikuwa na mzee aliyeahirisha kupatana na shemeji yake mpaka kura zihesabiwe, asije akanyang'anywa ufunguo.

Nisiseme kwamba karatasi haikumsumbua. Mwaka 2016 sanduku la kura la tawi la Liparamba lilinyeshewa njiani na kura zikagandana. Bi Kunigunda alizitandaza mkekani ndani ya darasa, akawakalisha wale watatu wa funguo wazilinde hadi zikauke. Asubuhi walipeana migongo. Saa tisa alasiri aliwakuta wanakula ugali na usipa, dagaa wa ziwani, kwenye sahani moja. Akasema ni heri kwa kijiji na hasara kwa uchaguzi, akatafuta wengine wawili kabla ya kuhesabu.

Mimi niliajiriwa mwaka 2019 kama Afisa TEHAMA, nikiwa na shahada mpya na maneno mengi. Nilimweleza kwamba karatasi inalowa, inachanika, inachelewa siku mbili kutoka pwani, na kwamba ndani ya siku hizo mbili uvumi huzaa wajukuu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: mtu asiyejua kompyuta atajuaje kwamba kura yake imo ndani na imekaa kama alivyoiweka? Nilimjibu kwa karibu nusu saa. Alinishukuru, akasema ameelewa yote isipokuwa jibu.

Hata hivyo hakunizuia. Mwaka 2022 tulipiga kura kwa simu. Kila mwanachama alitumiwa ujumbe wenye namba ya siri, akachagua kati ya Mzee Raimundi Kumburu wa Kingerikiti na Bi Beata Haule wa Ngumbo. Matokeo yalitoka dakika kumi na moja baada ya muda kufungwa: Bi Beata ameshinda kwa kura ishirini na sita. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupokea pongezi. Bi Kunigunda akaomba orodha yote ichapwe, akaipitia kwa rula, mstari kwa mstari, na watu wanangoja nje. Nilikuwa nimekasirika na sikuficha. Rula ilipofika Ngumbo ilisimama, na akagoma kutia saini.

Kura thelathini na nane zilikuwa zimepigwa kwa namba moja ya simu. Ilikuwa ya Mwalimu Cleopa, katekista wa kitongoji kimoja ambacho mtandao hukamata juu ya jiwe la nyuma ya nyumba yake na si kwingine. Kwa miaka mingi kitongoji kizima kiliandikisha namba yake, naye aliwasomea watu habari za bei ya muhogo, za mikutano na za misiba. Hakuna aliyeona kosa, na kwa habari za misiba halikuwa kosa.

Bi Kunigunda alishuka Ngumbo kesho yake. Mwalimu Cleopa alimpokea vizuri na kumletea daftari la shule, kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba siku mbili, akaandika jina na chaguo la kila mtu, akapanda juu ya jiwe na kubonyeza alichoambiwa. Bi Kunigunda alipouliza kama kuna hata mmoja aliyechagua peke yake, alijibu kwamba hapana, Mama, hata wagonjwa aliwafuata kitandani. Thelathini na sita walikuwa wamemchagua Bi Beata, aliye mzee wa kanisa la Mwalimu huyo, na wawili Mzee Raimundi.

Kitongoji kile kikarudia kura kwa karatasi, kwa sanduku, na kwa kituturi cha khanga, kila mtu akichagua ndani peke yake. Bi Beata alipata ishirini na tisa, Mzee Raimundi tisa. Mwalimu Cleopa hakuiba hata kura moja. Ni kwamba watu saba walikuwa na neno wasiloweza kumwambia mtu mwema usoni. Bi Beata akawa mwenyekiti kwa tofauti ya kura kumi na mbili badala ya ishirini na sita, na Mzee Raimundi alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Nadhani zile kumi na mbili zilimpa nguvu kuliko zile ishirini na sita.

Mkutano mkuu ulitaka mtu wa kubeba lawama. Niliulizwa kama mtambo ulinionya, nikasema hapana. Bi Kunigunda akasimama, akasema namba zile zimeandikwa daftarini kwa mwandiko wake, simu ni ya nani alijua, na alipaswa kusema. Akapewa barua ya onyo. 

Tangu hapo tulifanya kazi pamoja kwa amani, mimi nikiwa mpole kuliko kawaida yangu, na wenzetu wakidhani nimekua. Mfumo wa uchaguzi wa mwezi uliopita ni wetu sote wawili: mtu anachagua kwenye kishikwambi ndani ya kituturi, karatasi inatoka, anaisoma kwa macho yake, anaitumbukiza sandukuni, na sanduku lina kufuli tatu. Idadi za mtambo na za karatasi zililingana kila tawi ila Kingerikiti, ambako karatasi moja ilipungua. Bi Kunigunda hakutafuta mwizi. Alimtuma mtu kwa Mzee Joakim, aliyelima kahawa kwa miaka hamsini, na ambaye hajawahi kupewa kikaratasi cha stakabadhi kwenye mzani wa kahawa akakiacha. Na hiki cha kura kilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, kimekunjwa mara nne. Mzee alikirudisha mwenyewe, akakitumbukiza mbele ya mawakala wote, akiuliza sasa yeye atabaki na ushahidi gani.

Wiki iliyopita alinikabidhi ofisi. Alinipa daftari, rula, funguo tatu, na bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na ukurasa wa mwisho wa ile orodha ya mwaka 2022. Chini yake mtambo umeandika kwamba siku mbili kabla ya kura ulitoa onyo: namba moja imetumika kwa wanachama thelathini na nane. Mbele ya onyo kuna jina langu, Dastan Hyera, na neno nililobonyeza: Endelea. Aliusoma ukurasa huo siku ile ile, akaukunja, akautunza miaka mitatu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mwandiko wa daftari ulikuwa wake kweli, hakudanganya. Na kwamba mimi nilikuwa na miaka mingi mbele yangu, ila ningeitaka karatasi hii siku moja.

Ndugu wanachama, nimeitaka. Mtambo ulinionya, nami niliona aibu kuahirisha uchaguzi niliokuwa nimejisifia. Ijumaa iliyopita nimeipelekea Bodi nakala ya ukurasa huo pamoja na barua yangu, nikiomba onyo lile litoke kwenye jalada lake liingie kwenye langu. Najua maana yake kwa kazi yangu, na sijalala vizuri, lakini nimelala vizuri kuliko miaka hii mitatu.

Mama Ndimbo, shikamoo na asante. Ukapumzike Kingerikiti, kahawa yako izae, magoti yasikusumbue, na majirani zako wasalimiane wote. Bodi inakaa Alhamisi. Msumari pale ukutani ukumbini nimeshaupigilia.